Namba Yangu Imebaki kwenye Kopo la Vifungo

Ndugu Mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, basi habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 52, na ushonaji ndio umenisomeshea watoto. Nakuandikia kwa sababu tangu nibadilishe simu na mtandao, leo wiki ya tatu, mambo yangu yamevurugika kiasi kwamba juzi nilikaa mbele ya cherehani nikalia.

Mwaka huu nimehamia Kihonda, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mtandao niliokuwa natumia miaka yote haushiki kule. Nikiwa ndani simu haiiti mpaka nitoke uani nisimame karibu na mpapai. Wateja wakaanza kulalamika kwamba sipatikani. Mpwa wangu anayesoma chuo Dar es Salaam akaniambia, "Shangazi, simu yako imechoka na mtandao wako haufai huku." Alipokuja likizo akanichangia hela, tukanunua simu mpya, kubwa, nzuri kwa kweli. Tukapitia duka la mtandao mwingine ambao majirani zangu wanautumia. Nikamuuliza kijana wa pale kama naweza kuhamia kwao na namba yangu ileile. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama, namba haihami, chukua mpya." Kadi yangu ya NIDA nilikuwa nimeiacha nyumbani, na mpwa wangu alikuwa anawahi basi la saa nane, kwa hiyo laini mpya ikasajiliwa kwa kidole chake na kwa jina lake. Laini yangu ya zamani nikaitia kwenye kopo la vifungo ili isipotee. Simu ya zamani nikampa mdogo wangu wa Kilosa. Kioo kimepasuka kona moja ila inafanya kazi vizuri, akaweka laini yake.

Basi hapo ndipo yalipoanza.

Niliwaandikia wateja wangu meseji, wale ambao namba zao ninazo kwenye daftari: "Habari, hii ndiyo namba yangu mpya, ni Mama Fundi, hela ya kushonea tuma kwenye namba hii." Watatu walinipigia kunitukana. Mmoja aliniambia nitafute kazi ya halali. Wengine hawakujibu kabisa. Mteja mmoja wa siku nyingi alijaribu kunitumia shilingi 40,000, likaja jina la mwanamume, akaacha. Alipokuja nyumbani kunieleza ndipo nikaelewa kwa nini watu wananiona tapeli. Mimi, ambaye nimewashonea watu mji huu sare za kipaimara, za harusi na za msiba kwa miaka zaidi ya 20.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nina kazi ya sare za sendofu, vitenge vya wanawake 12. Vipimo vyao vyote nilitumiwa WhatsApp, vingine picha za karatasi, vingine sauti. Vimebaki kwenye namba ya zamani, na kwenye simu mpya hakuna hata kimoja. Mama mwenye shughuli alikuja kwangu amekasirika. Anasema ameniandikia tangu Jumatatu, tiki zimekuwa za bluu, nimesoma na nimenyamaza. Akanionyesha kwenye simu yake, na kweli ni za bluu. Mwingine anasema huwa ananiona nipo hewani saa sita usiku. Ndugu Mshauri, mimi saa tatu nimeshalala. Nina hofu kuna mtu ameingia kwenye namba yangu.

Halafu simu yenyewe. Ikiita, kitufe cha kupokea hakionekani, nateleza na kidole mpaka inakata. Nikiandika vipimo vya mteja inanibadilishia maneno. Niliandika "bega 16" ikaenda "began 16", na sikuona mpaka mteja aliponiuliza ndiyo nini. Nilinunua bando la wiki jioni, asubuhi limeisha na sikuwa nimefungua chochote. Kwenye ile ya zamani bando kama hilo lilikuwa linanifikisha Ijumaa.

Mpwa wangu nikimpigia anasema nitazoea. Ninafikiria kuirudisha simu hii kwake na kununua kitochi, niachane na mambo yote haya. Lakini wateja wangu wote wananitumia mishono kwa WhatsApp. Nifanyeje?

Mama Fundi,
Kihonda, Morogoro

*

Mama Fundi, shikamoo. Umenizidi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ni mimi ninayepaswa kukuamkia.

Kabla hujasoma zaidi, mpigie mdogo wako wa Kilosa. Mwambie asifute kitu chochote kwenye ile simu, asiiondoe WhatsApp, na asimpe mtoto aichezee mpaka umalizane naye. Ukishampigia, rudi tuendelee.

Nimekwambia hivyo kwa sababu naamini vipimo vya wale wanawake 12 havijapotea. Viko Kilosa. Ulipotoa laini kwenye simu ya zamani, uliitoa laini peke yake. WhatsApp haitoki na laini. Ile programu huihitaji laini siku ya kwanza tu, ili ipokee meseji yenye namba sita za uthibitisho. Baada ya hapo inaendelea kufanya kazi kwenye simu ile hata laini ikikaa kwenye kopo la vifungo, alimradi simu ina bando au Wi-Fi. Mdogo wako aliweka laini yake, akanunua bando, na WhatsApp yako ikaamka kwa jina lako na picha yako. Wateja wanapokuandikia, meseji zinaingia Kilosa. Mtu akizifungua kule, hata kama ni mtoto anayetafuta video, tiki huku zinakuwa za bluu. Na huyo anayekuwa hewani saa sita usiku ni mtu wa nyumba ile ile, mwenye simu yako mkononi. Mtu angeiteka WhatsApp yako kwa kuifungua kwenye simu nyingine, ile ya Kilosa ingeonyesha kwamba umetolewa. Kwa hiyo muulize mdogo wako: je, akifungua WhatsApp anaona meseji za wateja wako? Akisema ndiyo, pumua.

Tena ukiwa unaongea naye mwombe kitu kimoja ambacho kitaokoa sendofu usiku huu huu. Atafute meseji za mama mwenye shughuli na za wale wanawake, abonyeze kwa kushikilia kila picha na kila sauti yenye vipimo, kisha azisambaze kwenda kwenye hii namba yako mpya. Hii ni kazi ya nusu saa. Zikifika, kaa na daftari lako uziandike kwa kalamu, jina la mtu, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Usiache vikae kwenye simu peke yake tena, hata simu ikiwa nzuri namna gani.

Sasa tuje kwenye namba.

Yule kijana wa dukani alikudanganya, au hakujua kazi yake, na yote mawili yananiudhi, kwa sababu jibu lake la sekunde tatu limekugharimu wiki tatu. Namba inahama. Kenya walianza mwaka 2011, na hapa Tanzania utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba ulianza tarehe 1 Machi 2017, chini ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Mteja anakwenda kwenye mtandao anaoutaka na namba yake ileile, yote, pamoja na zile tarakimu za mwanzo ambazo watu wamezoea kuzitambua kuwa za mtandao fulani. Haikupasi kuwaandikia wateja wako hata neno moja.

Na ninataka uone kwa nini walikutukana, maana naona limekuchoma, na nakuelewa. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Watu wameibiwa ada za watoto kwa meseji hiyo, wameibiwa hela za kodi ya nyumba. Sasa meseji yako wewe, uliyoiandika kwa moyo mweupe, ilikuwa na kila kitu ambacho meseji ya tapeli inacho: namba ngeni, ombi la hela, na jina la mtu mwingine likitokea mwishoni. Yule mteja aliyeacha kutuma zile 40,000 alifanya jambo sahihi kabisa, na mwambie hivyo ukimwona. Jina lako kwa watu wa Morogoro limeshikamana na zile tarakimu kumi. Kwa hiyo tunazirudisha.

Itoe laini kwenye kopo, uifute vizuri kwa kitambaa kikavu, uangalie kama zile shaba hazijakwaruzwa na vifungo. Simu nyingi za sasa zina nafasi mbili za laini, iweke ya pili. Hii ifanye ukiwa mjini, kule mtandao wa zamani unakoshika, usiifanyie Kihonda ukaanza kuzunguka mpapai. Ikishika, piga *106#. Hapo utaona laini imesajiliwa kwa jina la nani, na laini nyingine zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Nina matumaini ni jina lako, kwa sababu baada ya usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 na kufungwa Januari 2020, laini nyingi zilizokuwa kwa majina ya watu wengine zilizimwa. Ukikuta ni jina la mtu mwingine, anza kwa mtandao wa zamani ulirekebishe, maana hutaweza kuhama na namba isiyo yako. Ukikuta laini haiwaki kabisa, nenda hapo hapo dukani kwao na kadi ya NIDA wakupe nyingine yenye namba ile ile. Usiiache ikae kopo wiki nyingine. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake mwisho anapewa mtu mwingine. Hapo ndipo ungepoteza kweli.

Kisha tazama salio la pesa kwenye ile laini. Naamini utakuta kitu, kwa sababu wateja ambao hawakupata meseji yako wameendelea kutuma kule kule wakidhani umepokea. Soma meseji zote za malipo zitakazoingia, andika nani katuma nini na lini. Halafu toa hela yote kwa wakala. Namba inahama, hela haihami. Akaunti ya pesa ya mtandao wa zamani inabaki kwao, na vocha iliyomo inapotea, kwa hiyo imalize kwa kuwapigia watu. Kama una deni la salio la kukopa au mkopo wa pesa kwenye laini hiyo, lilipe kwanza.

Ukimaliza hayo, nenda duka la mtandao mpya ukiwa na kadi ya NIDA, au hata ile namba yake yenye tarakimu 20, na laini ya zamani ikiwa ndani ya simu. Usiseme unataka laini. Sema, "Nataka kuhamia kwenu na namba yangu." Ukikutana na yule yule kijana akakujibu vile vile, mwombe akuitie msimamizi wake, usiondoke. Watachukua alama yako ya kidole, watakupa laini yao, na wewe utatuma neno HAMA kwenda 15080 kutoka kwenye namba yako. Utapata meseji za kukueleza hatua zinavyokwenda. Uhamisho ukikamilika laini ya zamani itakufa mtandao, ndiyo dalili yake, usishtuke. Weka ile mpya. Chagua siku ambayo hukutegemea mteja wa mbali, kwa sababu kutakuwa na saa kadhaa hupatikani. Wakikukatalia bila sababu ya maana, peleka malalamiko TCRA. Wanapokea malalamiko ya mteja ambaye mtandao umeshindwa kumsaidia.

Hizi wiki tatu zimekuonyesha jambo ambalo wengi hawalijui kabla ya kuhama: mtandao mpya unashika nyumbani kwako Kihonda au haushiki. Hukulalamika juu ya hilo hata mara moja kwenye barua yako, kwa hiyo nadhani unashika. Kama nimekosea, na bado unatoka uani, basi usihame. Rudisha tu laini yako kwenye simu mpya, na uwaulize watu wa mtandao wa zamani kama laini yako ni ya 4G. Laini za miaka mingi nyuma hazikutengenezwa kwa 4G, na mtu anaweza kununua simu nzuri ikabaki inakwenda polepole kwa sababu ya kadi iliyo ndani yake. Wanabadilisha na namba inabaki.

Ukishahama, fungua akaunti ya pesa kwenye mtandao mpya kwa jina lako, siku hiyo hiyo, pale pale dukani. Na hapa kuna jambo la kuwaambia wateja wanaotuma kutoka mitandao mingine. Wao wanaangalia tarakimu za mwanzo za namba yako na kudhani bado uko kule. Wakifika kwenye menyu ya kuchagua mtandao wa anayepokea, wachague huu mpya. Vivyo hivyo wenye dakika za ndani ya mtandao, wanaweza kukupigia wakishangaa dakika haziendi. Waambie ana kwa ana au kwa sauti yako, wanaijua. Wakituma hela litatokea jina lako, na mambo ya jina la mwanamume yatakuwa yameisha.

Ile laini ya jina la mpwa wako, mrudishie. Najua aliisajili kwa upendo na kwa haraka ya basi. Lakini kila kitakachofanywa na laini ile ni juu yake. Kama mmoja wa wale waliokutukana aliituma namba ile kwenda 15040, ambako TCRA inapokea namba za matapeli, inaweza kufungiwa, na atakayetafutwa ni mwanafunzi wa watu kule Dar es Salaam. Mwambie hili mapema, asilisikie kwa mtu mwingine. Na mshukuru kwa simu. Yeye anasema utazoea kwa sababu kwenye umri wake simu haimpi shida. Mwombe akae na wewe saa moja kwa video au atakapokuja tena, umwonyeshe hasa ni wapi kidole kinateleza.

WhatsApp iache iwe ya mwisho, baada ya namba kuhama. Unahitaji simu zote mbili ziwe pamoja, kwa hiyo mdogo wako aje nayo Morogoro au wewe uende Kilosa. Kwanza andika pembeni kitu chochote cha maana kilichoingia kwenye WhatsApp ya namba ya mpwa wako ndani ya wiki hizi tatu, kisha uifute akaunti hiyo kwenye mipangilio. Halafu fungua ile ya zamani kwenye simu ya Kilosa: Mipangilio, kisha Soga, kisha Hamisha soga. Kwenye simu mpya ifungue WhatsApp upya kwa namba yako ya siku zote, ipokee meseji ya namba sita, na itakuuliza kama unataka kuhamisha soga kutoka simu nyingine. Ukikubali, itatokea picha ya vimraba vyeusi na vyeupe. Simu ya zamani inaipiga picha hiyo, na kila kitu kinaanza kuhama, picha za mishono, sauti, vikundi vyote. Washa Wi-Fi kwenye simu zote mbili, ziwe na chaji ya kutosha, zikae mezani pamoja, na usiziguse mpaka zimalize. Ikifika salama, weka Uthibitishaji wa hatua mbili, uchague namba sita za siri za kwako, tofauti na za pesa. Zile namba sita zinazokuja kwa meseji, asije mtu yeyote akakuomba ukampa, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu.

Mdogo wako naye baada ya hapo aifungue WhatsApp yake kwa namba yake. Maskini, inawezekana hakuwa anajua kwamba anasoma barua za mtu.

Hayo ya simu yenyewe ni madogo, ingawa najua ndiyo yanayokuudhi kila saa. Bando liliisha usiku kwa sababu simu mpya, ikipata intaneti tu, inaanza kujishughulisha yenyewe: inasasisha programu zote ilizokuja nazo, na inapandisha picha zako kwenye hifadhi ya Google. Fungua Play Store, bonyeza picha yako pale juu, ingia kwenye mipangilio, na usasishaji uweke ufanyike kwa Wi-Fi pekee. Kwenye programu ya Picha fanya vivyo hivyo. Kisha tafuta Kiokoa Data kwenye mipangilio ya intaneti ya simu, ukiwashe. Kwenye WhatsApp zima kupakua video zenyewe, kwa sababu vikundi vya sendofu na vya ukoo vinatuma video asubuhi mpaka jioni.

"Began" imetokea kwa sababu kibodi ya simu inadhani unaandika Kiingereza. Kwenye mipangilio ya kibodi nenda Lugha, ongeza Kiswahili. Kibodi ya Google inakijua Kiswahili. Ikishaongezwa itaanza hata kukusaidia, ukiandika "kiu" italeta "kiuno". Kama bado inakubadilishia maneno, zima kabisa urekebishaji wa maneno, maana kwenye kazi yako herufi moja ni kitambaa cha mtu. Namba za vipimo nakushauri utume kwa sauti na uandike pia. Ukipigiwa, usibonyeze, weka kidole kwenye alama ya kijani ukipandishe juu bila kukinyanyua, kama unavyopitisha chaki kwenye kitambaa. Simu nyingine zinavuta pembeni, mpwa wako atakuonyesha ya kwako. Na ukuze maandishi kwenye mipangilio ya skrini, macho yako uyahifadhi kwa ajili ya sindano.

Kitochi kinunue ukitaka. Kinakaa na chaji siku nyingi, na ni kizuri kuwa nacho umeme ukikatika. Lakini mishono ya wateja haiwezi kuja huko, wewe mwenyewe umesema.

Nimebakiwa na yule mama mwenye shughuli. Usimwandikie. Kwa jinsi alivyoona tiki za bluu, meseji nyingine kutoka namba yoyote haitamtuliza. Ukishapata vipimo kutoka Kilosa na kuviandika, nenda kwake kesho asubuhi kwa miguu yako na daftari mkononi. Mweleze habari ya simu ya Kilosa kama nilivyokueleza. Kisha mfungulie daftari aone jina la kila mmoja na vipimo vyake, na kama kuna ambaye sauti yake haikusikika vizuri, chukua futi mkapitie kwake pamoja siku hiyo hiyo.